Dimbwi Lisilo na Samaki

Kila Ijumaa asubuhi, kabla jua halijawa kali, Safi alimshika mkono bibi Riziki na kumpeleka kwenye dimbwi. Walipita nyuma ya nyumba za udongo za mtaa wao, wakavuka kipande cha mashamba ya mpunga yaliyokauka, wakafika penye uzio wa miiba. Safi alisogeza tawi moja kwa fimbo, nao wakaingia. Bibi Riziki alisimama ukingoni, akayaelekeza majini macho yake yaliyofunikwa na ukungu mweupe, akauliza swali lake la kila wiki.

"Samaki iko?"

"Iko, bibi."

"Kubwa au kidogo?"

"Kubwa tano, chini ya mzizi. Kidogo ni nyingi, zinanishinda kuhesabu."

Hapo bibi alitikisa kichwa kwa kuridhika, nao wakarudi nyumbani polepole, bibi akihadithia mambo ya zamani na Safi akimwambia penye mashimo.

Haya yalitokea Kindu, kwenye ukingo wa mto Lualaba, miaka mingi kabla ya reli kufika huko. Mwaka ule mvua zilizotazamiwa baada ya kiangazi hazikuja. Mpunga ulinyauka ukiwa na urefu wa kiganja. Wazee wa msikiti walitoka kwenda uwanjani mara tatu kuswali sala ya kuomba mvua, na mara tatu mawingu yakakusanyika juu ya msitu wa ng'ambo, yakatawanyika. Mto wenyewe ulisinyaa, ukaacha fungu refu la mchanga, na kwenda kuchota maji ya kunywa kukawa safari ya asubuhi nzima. Kijito cha Kalondo, kilichopita karibu na nyumba, kilikoma kutiririka. Yalibaki madimbwi saba, moja hapa, jingine kule.

Kwa wanawake wa mtaa huo, madimbwi yalikuwa shamba jingine. Kila kiangazi walikusanyika, wakaziba dimbwi kwa kuta za matope, wakakumba maji kwa vibuyu huku wakiimba na kutaniana, mpaka samaki wakabaki wakirukaruka juu ya tope. Kila nyumba ilipata fungu lake. Lakini dimbwi la juu kabisa, lililo jirani na nyumba, halikukumbwa kamwe. Liliitwa Dimbwi la Mama. Samaki wake walikuwa mbegu. Mvua ikirudi na kijito kikiungana tena, hao ndio wangeteremka kujaza madimbwi mengine. Aliyewagusa, yeye na nyumba yake hawakuitwa tena kukumba, wala hawakupewa fungu.

Bibi Riziki ndiye aliyekuwa mlinzi wa dimbwi hilo. Macho yake yalipoanza kufifia, wanawake walisema achaguliwe mwingine. Yeye aliweka mkono begani mwa Safi, msichana wa jirani mwenye miaka kumi na miwili, akawaambia kwamba amekwisha kupata macho mapya. Siku hiyo Mwanvua, mama yake Safi, alirudi nyumbani kichwa juu kama bibi harusi.

Sasa hapakuwa na sherehe nyumbani kwao. Baba alikuwa amefuatana na wapagazi kwenda Kasongo kutafuta mbegu za mpunga, na mwezi wa tatu ulikuwa unaisha bila habari zake. Madimbwi sita yalikuwa yamekumbwa mapema kuliko miaka mingine, kisha jua likayamaliza. Walikula sombe ya majani ya mihogo na mihogo iliyobaki. Mwanvua alisema kila jioni kwamba hana njaa. Mdogo wake Safi, Kasimu, aliyekuwa na miaka mitatu, alilia kwa siku nyingi, kisha akaacha kulia. Alikaa mlangoni, ameegemeza kichwa kwenye mwimo, akiangalia kuku wa jirani. Kilio chake kilikuwa kikimhuzunisha Safi. Kimya chake kilimtisha.

Aliyeanza kusema habari za dimbwi alikuwa Asumani, kijana wa nyumba ya pili, aliyemzidi Safi mwaka mmoja. Kwao pia kulikuwa na njaa. Mama yake alikuwa akinyonyesha mtoto wa kike, na maziwa yalikuwa yanakauka. Asumani alisema wachukue samaki wachache tu. Safi alikataa. Siku ya pili alikataa tena, ila kwa sauti ndogo.

"Unaogopa nini?" Asumani alimcheka. "Wewe njo macho ya bibi. Macho kazi yake ni kuona. Nani alikuambia uwe ulimi wake?"

Siku ya tatu, wakati wa adhuhuri watu walipokuwa wamelala vivulini, Safi alisogeza tawi la uzio, na Asumani akaingia na kikapu. Chini ya kikapu kulikuwa na majani ya utupa aliyoyatwanga.

Wote wawili walikuwa wameona watu wakivua kwa utupa. Katika maji yanayotembea, samaki hulewa, huelea juu, hukamatwa kwa vikapu. Kisha maji huichukua sumu hiyo kwenda zake, na samaki waliosalia huzinduka. Hawakuwahi kuona utupa ukitiwa katika maji yaliyosimama, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amejiuliza sababu. Asumani alisema utupa kidogo utaleta samaki wachache. Akatia ngumi mbili.

Wale wakubwa watano walitoka chini ya mzizi kwanza, wakigeuza matumbo meupe. Safi akafurahi. Kisha wakaja wa kadiri, kisha wadogo, kisha wadogo zaidi, mpaka wale waliolingana na vipande vya kucha. Safi aliingia majini, akawateka kwa viganja na kuwatia katika kibuyu chake cha maji ya mto. Hakuna aliyeamka. Waligawana samaki. Nyuma yao dimbwi lilibaki limejaa vile vile, maji yametulia, hakuna kilichotikisika ndani yake.

Safi alimwambia mama yake kwamba wavuvi wa mtoni walimhurumia Asumani wakampa samaki, na Asumani akamgawia. Mwanvua aliwashukuru wavuvi asiowajua. Kasimu alikula mpaka jasho likamtoka. Kisha Mwanvua alijaza bakuli dogo, akamwagiza Safi ampelekee bibi Riziki. Bibi alikula polepole, akilamba kila mfupa, na alipomaliza akaombea baraka mkono uliomkumbuka mzee. Safi alisimama uani akingoja bakuli, akayasikia maombi yote.

Ijumaa ilipofika, walikwenda dimbwini kama kawaida.

"Samaki iko?"

"Iko, bibi," alijibu Safi. Alikuwa amedhani maneno hayo yatakuwa mazito. Hayakuwa.

Ijumaa ya tatu aliona viluwiluwi. Walikuwa maelfu, wananing'inia chini ya uso wa maji. Kivuli chake kilipowafikia walijinyonganyonga wakashuka chini pamoja, kisha wakapanda tena. Safi hakuwajali. Siku hizo aliogopa kitu kimoja tu, nacho ni swali la bibi.

Baadaye kidogo mbu wakaja, na watu wakashangaa. Huko kandokando ya Kalondo mbu walijulikana kuwa wageni wa mvua. Katika ukame huo wengi walikuwa wakilala nje kwa sababu ya joto, na sasa hawakuweza kufumba jicho. Walichoma majani mabichi, moshi ukawatoa machozi watoto, mbu wakabaki. Ulipopita mwezi mmoja na siku kadhaa, homa ikaanza katika nyumba zilizo karibu na uzio wa miiba. Wengine walisema ni upepo mkavu unaotoka mchangani, wengine wakasema ni njaa. Mtoto mmoja aliugua, kisha wanne, kisha tisa. Wa tisa alikuwa Kasimu.

Homa ilimshika kwa zamu. Kwanza alitetemeka mpaka meno yakagongana, hata akafunikwa kila nguo iliyokuwamo nyumbani. Kisha akawaka moto, akamwita baba yake. Kisha jasho, kisha usingizi kama wa mfu. Siku moja alipumzika, na Mwanvua akaanza kutabasamu. Kesho yake kutetemeka kukarudi.

Mzee Bulaimu alikuja kumjulia hali, akamkuta bibi Riziki ameketi karibu na mgonjwa. Mzee huyo alizaliwa mbali sana, katika milima ya Usambara, akaja na misafara akibeba mizigo, hata miguu yake ilipochoka akabaki Kindu kusuka mikeka. Alimtazama Kasimu kwa muda mrefu, kisha akaeleza jambo ambalo, alisema, wenzake wa misafara walimcheka kila alipolitaja. Kwao milimani hakuna mbu. Mtu akishuka bondeni akalala huko, mbu wakamuuma, hurudi nyumbani na homa ya namna hii. Kwa hiyo watu wa kwao waliamini kwamba mbu ndiye anayeleta ugonjwa huo.

Bibi Riziki hakucheka. Aliwaza, vidole vyake vikipitapita juu ya mkeka.

"Mbu anatoka kwa kiluwiluwi," alisema mwishowe. "Kiluwiluwi anakaa majini. Na maji yote karibu yetu imekauka, isipokuwa Dimbwi la Mama. Lakini kule samaki iko, na samaki hawaachi kiluwiluwi hata mmoja. Njo chakula chao." Akageuza uso upande aliposikia Safi akipumua. "Samaki iko, Safi?"

Mama yake alikuwa akimtazama. Mzee Bulaimu alikuwa akimtazama. Kasimu alikuwa amelala, midomo imepasuka kwa homa.

"Iko, bibi."

"Basi tutafute pengine," akasema bibi Riziki, akaomba fimbo yake.

Siku tatu alitembea juani na wanawake wawili, wakitafuta maji yaliyojificha. Walipekua mitaro ya mashamba na magogo yenye mashimo. Walipindua mtumbwi mbovu uliokuwa na maji kidogo sana. Kila jioni bibi alirudi miguu imejaa vumbi mpaka magotini, akisema kesho watafika mbali zaidi. Safi alimletea maji ya kunawa, akashindwa kumwangalia, ingawa bibi hangeweza kumwona hata angemwangalia.

Siku ya pili ya msako, Safi alimtafuta Asumani, akamwambia kwamba wanapaswa kusema. Asumani hakuwa na utani tena. Mdogo wake wa kike alikuwa ameanza kutetemeka usiku uliopita.

"Ukisema, hatuitwi tena kukumba," alisema. "Si mwaka huu tu, hata miaka yote. Mama yangu atakula nini? Mama yako atakula nini? Mbu ni mbu, Safi. Yule mzee anasema mengi."

Safi alirudi nyumbani. Aliogopa njaa, na zaidi ya njaa aliogopa uso wa mama yake utakaposikia. Akajiambia kwamba atangoja siku moja tu, labda homa itaondoka yenyewe.

Siku ya nne, alfajiri, mtoto wa kwao Asumani alifariki. Alizikwa kabla ya adhuhuri. Wanaume walipita na mkeka mdogo sana, mtu mmoja angeweza kuubeba, lakini walipokezana kama ilivyo desturi. Asumani aliwafuata nyuma. Hakumtazama mtu.

Wanawake walikuwa wameketi matangani, katika ua wa mfiwa. Safi alisimama mlangoni. Alimwona mama yake katikati yao, na Kasimu mapajani, amefunikwa kanga mbili katika jua lile. Akapita kati ya mikeka mpaka mbele ya bibi Riziki, akapiga magoti.

"Bibi, samaki haiko."

Bibi hakuelewa mara moja. "Haiko wapi?"

"Dimbwini. Haiko hata mmoja."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile uliyokula samaki wetu."

Mwanvua alijifunika uso kwa upindo wa kanga yake. Mama wa Asumani, ambaye tangu asubuhi hakuwa ameinua kichwa, alikiinua.

"Ulitia nini?" aliuliza bibi Riziki.

"Utupa."

"Maji bado iko?"

"Iko. Imejaa viluwiluwi."

Safi alingoja kupigwa. Alitamani kupigwa. Bibi Riziki aliutafuta ukuta kwa mkono, akasimama.

"Leteni vibuyu," aliwaambia wanawake.

Ndivyo Dimbwi la Mama lilivyokumbwa kwa mara ya kwanza. Hakuna aliyeimba. Walisimama kwa mstari, wakipokezana vibuyu na kumwaga maji juu ya mchanga wa moto, na viluwiluwi walijinyonga kidogo wakakauka kama vumbi. Safi alikuwa amesimama ndani ya tope akijaza vibuyu. Alasiri mtu aliingia karibu naye, akachukua kibuyu. Alikuwa Asumani, macho mekundu, udongo wa kaburini bado magotini mwake.

"Nilikuwa pamoja naye," aliwaambia watu wote. "Utupa niliutwanga mimi."

Jua lilipotua dimbwi lilikuwa tupu. Lakini asubuhi maji kidogo yalikuwa yamechimbuka tena chini ya mzizi, maana hapo palikuwa na chemchemi, na hakuna awezaye kukumba chemchemi daima. Bibi Riziki alisema lazima samaki warudi kabla viluwiluwi hawajarudi, na watakaowarudisha ni wale waliowamaliza.

Kazi hiyo ilikuwa ngumu. Kila alfajiri Safi na Asumani walikwenda mpaka kwenye fungu la mchanga la Lualaba, ambako mto uliacha vidimbwi vya maji ya kina kifupi, wakavua vitoto vya samaki kwa kitambaa, wakavileta dimbwini katika vibuyu. Safari ya kwanza walivua arobaini, akafika hai mmoja. Walikuwa wamejaza samaki wengi mno katika kibuyu kimoja, na jua likachemsha maji. Safari ya pili walifika watatu. Wakajifunza kuchukua wachache, kufunika vibuyu kwa majani mabichi, na kutosimama njiani hata mguu ukichomwa. Baada ya siku kumi na mbili, samaki zaidi ya thelathini walikuwa wakiogelea chini ya mzizi. Safi alimwona mmoja akimfuata kiluwiluwi, akammeza. Hakumwita mtu kuja kuona.

Homa haikukoma siku ile wala wiki ile. Watoto wengine wawili waliugua baada ya dimbwi kukumbwa. Kisha mbu wakapungua, na usiku watu wakaanza kulala. Kutetemeka kwa Kasimu kulichelewa siku moja, kukachelewa siku mbili, kisha kukamwacha. Alibaki mwembamba, lakini alianza tena kulia akitaka chakula, na Mwanvua alipokisikia kilio hicho akainama juu ya jiko asionekane uso.

Wanawake walikaa kikao kuhusu adhabu. Wengine walitaka desturi ifuatwe kama ilivyo. Wengine walisema nyumba moja imekwisha kuadhibiwa kupita kiasi. Mwishowe waliamua kwamba nyumba zote mbili zitakosa fungu kiangazi kijacho, kisha zitaitwa tena. Mwanvua alikubali bila kujitetea. Kwa muda mrefu alizungumza na Safi maneno ya kazi tu, lete kuni, mshike mtoto. Jioni moja alimsogezea Safi bakuli lake mwenyewe lenye sombe, akasema leo wale pamoja, wote watatu, sawasawa.

Kulipotimia arobaini ya mtoto, bibi Riziki alimpeleka Safi kwa mama yake Asumani ili aombe msamaha. Mama huyo alisikiliza akichambua majani. Alisema amesikia. Hakusema zaidi, wala bibi hakumlazimisha. Walipokuwa wakirudi, Safi alisimama njiani, akauliza lile lililokuwa likimnyima usingizi.

"Bibi, kama ningesema siku ile ya Mzee Bulaimu, mtoto angepona?"

"Sijui," alijibu bibi Riziki. "Pengine homa ilikuwa imekwisha kumwingia. Sitakudanganya ili ulale vizuri, na sitakubebesha neno nisilo na hakika nalo."

Safi akalia. Bibi alimwacha alie, akikaa naye juani, mkono wake mkavu juu ya kichwa cha mtoto.

"Sikia, mjukuu wangu," alisema kisha. "Ulipotia utupa ulikuwa na njaa, na mtu mwenye njaa namwelewa. Hukujua kwamba samaki wale wadogo walikuwa wanatulinda. Hata mimi nilidhani wao ni mbegu tu. Wakati wa ukame maji ni machache, na hayo machache yakiachwa bila ulinzi yanaleta ugonjwa kuliko mafuriko. Hilo njo tumejifunza sote. Lakini mimi niliuliza, nawe ukajibu, na kwa jibu lako nikawapeleka wanawake wawili kutafuta mbu mahali ambapo mbu hawapo. Siku tatu. Mtu anayetafuta dawa anatembea juu ya maneno anayoambiwa. Ukimpa neno la uongo, unamwondolea daraja. Utakosea tena, Safi, kila mtu anakosea. Siku hiyo sema mapema, wakati kusema bado kunasaidia."

Mvua ilikuwa haijanyesha bado. Mashamba yalikuwa meupe pande zote mbili, na njia ilikuwa na nyufa za kuingia mguu. Safi alifuta uso wake, akamshika bibi mkono. Kila walipofika penye ufa alimwambia ulivyo, mkubwa au mdogo, bila kuongeza wala kupunguza.